Risasi Katika Leso ya Mama

Mama alikuwa na risasi moja. Aliiokota asubuhi ya pili baada ya baba kuuawa, kando ya mtaro uliopita mbele ya mlango wetu, Kibera, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi. Baba alikuwa fundi wa mawe. Mchana wa kuuawa kwake alitoka nje kuangalia kama mama amerudi kutoka sokoni, akapigwa shingoni, akaanguka hapo hapo kizingitini. Aliyefyatua hatukuwahi kumjua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu alikuwa na tisa.

Risasi ambayo mama aliiokota haikuwa ile iliyomuua baba. Ilikuwa nzima, haijalipuka. Pengine ilimponyoka mtu akikimbia. Mama hakujua tofauti, na kama alijua hakujali. Aliifunga kwenye leso ya bluu, akaitia ndani ya mkebe wa majani chai pamoja na kitambulisho cha baba na kadi zetu za kliniki.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa Kinubi, mtu mzima, ambaye babu yake alikuwa askari zamani za Waingereza. Alipoonyeshwa ile risasi alitikisa kichwa.

"Mama watoto, kitu hiki hakikai kwa nyumba yenye watoto. Itupe chooni leo leo."

"Nikiitupa, wakija kuuliza nitawaonyesha nini?" mama akamjibu.

Walikuja kweli, watu wenye mafaili, mara mbili au tatu. Waliandika jina la baba, wakaandika umri wake na kazi yake. Hakuna aliyeuliza kama kuna kitu kilichookotwa, na mama hakuwa mtu wa kuingilia maneno ya watu wenye kalamu. Kila mara walipoondoka aliurudisha mkebe juu ya kabati. Alisema watarudi. Mimi nilikua, nikamaliza shule, nikasahau. Mama alipopata chumba kwenye nyumba mpya za serikali za Soweto East, humo humo Kibera, na tukahamisha vitu vyake, sikuuliza mkebe uko wapi. Nilidhani ulipotea na takataka nyingine.

Wakati huo nilikuwa tayari nimeajiriwa uwanja wa ndege, upande wa usalama. Ndugu zangu wa ukoo walifikiri kazi yangu ni kuangalia ndege zikipaa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mabegi ya watu kwenye skrini, na baada ya miaka minne nikapandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Sehemu ya kazi ambayo niliijua kuliko wenzangu wote ni ile ya abiria wenye silaha. Wapo wengi kuliko unavyofikiri. Kuna wafanyabiashara, wakulima wakubwa, mawakili, wanasiasa wadogo na wakubwa, watu wenye cheti halali cha kumiliki bastola, na wakisafiri hawataki kuiacha nyumbani.

Utaratibu niliukariri hadi nikawa nauota. Mwenye bastola anafika mapema na kusema mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwamba anayo. Anaonyesha cheti. Anapelekwa chumba cha pembeni pamoja na polisi wa zamu, na humo anaelekeza mdomo wa bastola kwenye sanduku la mchanga, anatoa magazini, kile kibebeo cha risasi, anaivuta bastola nyuma kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani. Bastola inafungiwa kwenye sanduku gumu lenye kufuli. Risasi zinahesabiwa na kufungwa peke yake. Kila kitu kinaandikwa kitabuni, mwenyewe anatia sahihi, polisi anatia sahihi, rubani anajulishwa, kisha sanduku linapelekwa tumboni mwa ndege pamoja na mizigo. Hakuna silaha inayoingia wanakokaa abiria. Hakuna risasi, hata moja, inayopita bila cheti. Akifika anakokwenda, anakabidhiwa na polisi wa huko.

Mwaka mmoja kabla mama hajafa, alikuja bwana mmoja mwenye koti zuri, bastola kiunoni, amechelewa. Alitaka kupita nayo.

"Msichana, unajua unaongea na nani?" aliniuliza mbele ya foleni nzima.

Nikamwambia simjui, ila naijua bastola yake, na haipandi ndege ikiwa kiunoni. Alipiga simu tatu. Mimi nilisimama. Mwishowe alirudi kwenye chumba cha pembeni, akazitoa risasi moja moja huku akinitazama, na ndege yake ikaondoka bila yeye. Meneja alimkaribisha chai akingojea nyingine. Mimi niliandikiwa barua ya pongezi. Niliipeleka Soweto East, nikamsomea mama. Aliniambia niisome tena, polepole, mdogo wangu naye asikie.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa mbao. Alikuwa na karakana yake Kawangware, pale panapoitwa Kongo, mabati manne na meza ndefu, na alikuwa na mikono mizuri kama ya baba. Kila Jumapili alikuja na mke wake kwa mama, tukala pamoja. Aliniita siz, yaani dada. Akipata kitu cha kuchekesha mtaani alinipigia simu kabla hajampigia mtu mwingine yeyote.

Mama aliugua figo, hakukaa muda mrefu. Tulimpoteza Jumatatu. Mdogo wangu alisema jeneza hatutanunua, atalitengeneza mwenyewe. Alifanya kazi siku tatu pale Kongo, halali ila kidogo, hataki kusaidiwa. Nilikwenda kuliona Alhamisi. Alikuwa amezungushia ukingo wa kifuniko majani madogo aliyoyachonga kwa patasi, jani moja moja, kama yale ya kitambaa cha meza ambacho mama alikishona yeye mwenyewe.

Jioni hiyo mwili uliondoka kwa barabara kuelekea nyumbani, magharibi, pamoja na mjomba na watu wa kanisa. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Mdogo wangu alikuwa ameshapanga kwenda na gari la maiti. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa na zamu ambayo sikupata wa kuishika, nikapewa ruhusa kuanzia Ijumaa mchana, na wafanyakazi hupata tiketi za ndege kwa urahisi.

"Kaa upumzike usiku mmoja, halafu uende na mimi," nilimwambia. "Tutafika mapema. Macho yako yamekuwa mekundu."

"Mama aende peke yake?"

"Haendi peke yake. Mjomba ako naye."

Alifikiria, akakubali. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Nadhani alikubali kwa ajili yangu, maana aliniona sitaki kukaa kwenye kiti cha ndege peke yangu nikiwa na mawazo hayo.

Ijumaa asubuhi alipita Soweto East kufunga nyumba ya mama na kuchukua nguo yake ya kanisa aliyoiacha huko. Nilimpigia simu, nikamweleza kama ninavyowaeleza abiria wa mara ya kwanza.

"Usibebe kisu, usibebe mkasi. Vyombo vya kazi vyote viache."

"Patasi nimetoa. Futi ya kupimia pia. Hata misumari nimetoa mfukoni."

"Vyuma vyote?"

"Vyote, siz."

Tulikutana langoni. Alikuwa amevaa suti ya kahawia ya harusi yake na begi dogo la mgongoni. Wenzangu walitupa pole mmoja mmoja. Kwenye mashine alikuwa ameketi mzee aliyenifundisha kazi, mtu mpole ambaye alikuwa karibu kustaafu. Mimi nilipita kwanza. Begi la mdogo wangu likaingia, na mkanda wa mashine ukasimama.

Mkanda husimama mara mia kwa siku. Mtu amesahau chupa ya maji, au chaja zimejikunja pamoja. Lakini nilimfahamu yule mzee, na mgongo wake haukuwa mgongo wa mtu aliyeona chupa ya maji. Nikasogea nyuma yake kwa mazoea tu. Pembeni ya begi, chini, kulikuwa na umbo dogo, jeusi, lenye ncha. Nimeona maumbo hayo mamia. Sikuhitaji kuangalia mara mbili.

Mzee hakugeuka. Alisema kwa sauti ya chini sana, "Hii ni ya bro wako?"

"Ndiyo."

Polisi wa zamu alikuwa hatua kama kumi hivi, anaongea na mhudumu. Mzee alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kumwita na hakukibonyeza. Alikuwa ananipa nafasi. Nimefikiri juu ya nafasi hiyo kila siku tangu hapo. Haikuwa ndefu, labda muda wa kupumua mara tatu. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili, ameshika viatu vyake mkononi maana hakujua kama inabidi avue au la, akinitazama kwa tabasamu dogo la kuuliza kama amefanya sawa.

Niliwaza kamera iliyo juu yetu. Niliwaza mfanyakazi mwenzetu aliyefukuzwa kwa kufumbia macho kitu kidogo kuliko hicho. Na sitaki kuficha: nilimwaza pia yule bwana mwenye koti, na jinsi nilivyosimama mbele yake.

"Mwite polisi," nikasema.

Walilifungua begi mezani. Chini ya shati kulikuwa na leso ya bluu, imeoshwa hadi rangi imekwisha. Polisi aliikunjua kwa kalamu. Hadi nilipoiona ile leso sikuwa nimeelewa ni risasi gani.

"Hii ni nini?" polisi akauliza.

"Ni ya mama," mdogo wangu akasema.

"Mama yako ako wapi?"

"Ako njiani. Anaenda kuzikwa."

Polisi alimtazama, akanitazama mimi. Hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu, na masanduku ya bastola tuliyoyafunga pamoja siwezi kuyahesabu.

"Una cheti cha bunduki?"

"Mimi ni fundi wa mbao."

"Basi risasi unatoa wapi?"

Mdogo wangu akaeleza. Alieleza vizuri, bila hasira, kama mtu anayedhani kwamba akimaliza kueleza ataambiwa sawa, pita. Alisema kwamba mama, siku moja hospitalini, alimwomba kile kitu cha kwenye mkebe kipelekwe nyumbani kiwekwe karibu na baba, kwa sababu hakuna tena atakayekuja kukiulizia. Aliukuta mkebe alipokuwa akifunga nyumba, mwili ukiwa umeshaondoka. Hakunitajia kwenye simu kwa kuwa kwake hakikuwa chuma, wala silaha. Kilikuwa kitu cha mama.

"Siz, si uwaambie," akasema.

Nikawaambia. Nilisema ni kweli, baba yetu aliuawa, risasi hii mama aliiokota, naijua tangu nikiwa mtoto. Polisi akaniuliza swali ambalo ilibidi aulize.

"Na wewe ulijua iko kwa begi?"

"Sikujua," nikasema.

Ilikuwa kweli. Lakini nilimwona mdogo wangu akiyasikia maneno hayo, na aliyasikia kama maneno ya mtu anayejitenga naye. Akainamisha kichwa, akaanza kuvaa viatu.

Polisi aliniambia kando kwamba hana la kufanya. Bastola yenye cheti ina njia yake. Risasi isiyo na cheti, hata iwe moja, hata iwe ya marehemu, ni kosa, na ikishawekwa mezani mbele ya watu haiwezi kurudi kwenye leso. Alisema atamshikilia, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa alasiri, mahakamani atafikishwa Jumatatu.

"Mazishi ni kesho," nikamwambia.

"Najua, madam. Pole."

Waliita abiria wa ndege yetu. Nilisimama mlangoni mwa ofisi ya polisi. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono yake katikati ya magoti, vidole bado vina alama za gundi ya mbao.

"Nitabaki na wewe," nilimwambia.

"Ubaki ufanye nini? Enda." Kisha, bila kunitazama, "Mwambie mjomba asishushe jeneza kwa upande wa kichwa kwanza. Vishikio vya huko nilivifunga mwisho, gundi haijashika sana."

Nikaenda. Kiti cha dirishani kilikuwa chake. Mhudumu, akidhani ananifanyia wema, aliweka mkoba wangu hapo.

Nyumbani kila mtu aliniuliza mdogo wangu yuko wapi. Wanawake waliokuwa wakipika, vijana waliochimba kaburi, wote walikuwa wameliona jeneza na wanataka kumpa mkono aliyelitengeneza. Nilimwambia mjomba kwamba amekosa ndege. Sikupata nguvu ya kusema zaidi. Wakati wa kushusha, nilisimama karibu na mjomba, nikamwambia habari za vishikio, akawaelekeza watu wakaanza na upande wa miguu. Mchungaji alipoita mtoto wa kiume atangulie kuweka udongo, mjomba ndiye aliyeinama badala yake. Kaburi la baba lilikuwa hapo pembeni, mkono tu ukinyooshwa. Mvua ilianza wakiimba, ikanyesha hadi mwisho, na hakuna aliyeondoka.

Jumatatu nilikuwa mahakamani. Aliachiliwa kwa dhamana, na aliyemdhamini ni yule mama wa Kinubi, ambaye sasa anatembea kwa fimbo. Aliniambia tukitoka, bila kunilaumu, "Nilimwambia mama yenu aitupe." Mdogo wangu alipita mbele yetu. Mke wake alimshika mkono wakavuka barabara.

Kesi iliendelea miezi saba. Niliitwa kutoa ushahidi, na nilikuwa shahidi wa upande wa mashtaka, kwa maana ni mimi msimamizi niliyeamuru polisi aitwe. Nilisimama kizimbani nikaeleza mkanda uliposimama, umbo nililoliona, nilichosema. Mwendesha mashtaka aliinua mfuko mdogo wa plastiki wenye namba, akaniuliza kama naitambua risasi hiyo. Miaka yote mama aliingoja siku ambayo mtu mwenye faili angeuliza juu ya risasi ile. Siku hiyo ilifika, na aliyekuwa akishtakiwa ni mwanawe.

Nilisema ninaitambua. Kisha nikamwomba hakimu niseme zaidi, akaniruhusu, nikasimulia kuhusu baba na mkebe. Yule polisi naye alisema kwamba mtuhumiwa hakuficha kitu wala hakuleta fujo. Mwishowe hakimu alimwachilia. Akaamuru risasi ipelekwe kuharibiwa.

"Naomba leso," mdogo wangu akasema. Ndiyo maneno pekee aliyoyasema siku hiyo. Leso akapewa.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kongo. Alikuwa akipiga randa mbao ya mlango. Nilimsalimia, akaitikia. Nikakaa kwenye kigogo karibu na meza yake, nikamwomba msamaha. Aliendelea na kazi muda kidogo, kisha akasimama.

"Ni wewe ulimwambia amwite polisi, ama ni yule mzee?"

"Ni mimi."

"Ungeniita kando. Ungeniambia nirudi nje nayo, nimpatie mtu aipeleke kwa nyumba. Ningerudi."

"Sikufikiria hivyo."

"Ulifikiria," akasema. "Nilikuwa nakuangalia. Nilikuona ukifikiria."

Sikubisha. Utaratibu haukuwa na njia hiyo aliyoisema, lakini mzee alikuwa ameifungua kwa kidole chake, na mimi nikaifunga. Nilikaa pale hadi akaanza tena kupiga randa, nikaondoka.

Hatugombani. Nikimpigia simu anapokea, ananiambia watoto wake ni wazima, ananiuliza kama mimi niko mzima. Jumapili hakuna anayekwenda kwa mwenzake. Chumba cha Soweto East tulikirudisha, na vitu vya mama mke wake ndiye aliyevigawa. Mimi nilipewa kitambaa cha meza. Kazini bado nipo. Wenye bastola bado wanakuja, wanatoa risasi zao mbele yangu, tunazihesabu, wananishukuru kwa utaratibu mzuri. Mzee wa mashine alistaafu. Siku ya kuagana alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

Desemba iliyopita mdogo wangu alikwenda nyumbani kwa basi, peke yake. Sikujua mpaka mjomba aliponipigia. Alisema kijana alifika asubuhi, akakaa kaburini bila kula, na jioni akamwomba mjomba amsimulie mazishi ya mama tangu mwanzo. Alitaka yote: jeneza lilishushwaje, vishikio vilishika, nani aliomba, nyimbo zipi ziliimbwa, mvua ilianza saa ngapi, udongo aliopaswa kuuweka yeye uliwekwa na nani. Mjomba alimsimulia hadi taa ikawashwa.

"Lakini nilishangaa," mjomba akaniambia. "Wewe ulikuwa hapa, uliona kila kitu, na mnakaa mji mmoja. Kwa nini hajakuuliza wewe?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, simu sikioni. Mjomba bado anaamini kwamba mdogo wangu alikosa ndege. Alingoja nimjibu, akaniita mara mbili akidhani simu imekatika.